Msumari wa Kwanza Ubaoni

Ukifika Usenge na kuuliza habari za ukoo wa Nyangweso, hutaonyeshwa jumba la ghorofa wala gari, utaonyeshwa paa. Nyangweso aliamua kesi za wavuvi kwa miaka thelathini, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba alipokea hata samaki mmoja kutoka upande wowote. Odongo, mwanawe, aliunda mitumbwi, na watu husema hadi leo kuwa mtumbwi wa Odongo ulianza kuvuja baada ya mwenyewe kuzikwa, si kabla. Ni huyo Odongo aliyeezeka nyumba ya kwanza ya mabati kijijini mwake, mwaka wa 1953. Alipomaliza kupigilia, alipanda tena na mkebe wa lami akakipaka kila kichwa cha msumari kwa mkono wake, huku akiwafukuza watoto waliotaka kutazama. Wapita njia walimcheka kwamba amelitia paa madoa ya chui. Aliwajibu, "Mimi nalala chini ya mali yangu." Walidhani anajisifu. Hakuwafafanulia, naye akafa na neno lake.

Odongo alimzaa Gordon Amolo, karani wa tiketi katika stesheni ya reli ya Kisumu kwa miaka thelathini na mmoja, ambaye ndugu zake wenyewe walipanga foleni mbele ya dirisha lake na kulipa nauli kamili. Sasa Mzee Gordon ana umri wa miaka sabini na minane. Anaishi Manyatta kwa mwanawe Frankline, pamoja na mkazamwana wake Jentrix na mjukuu wake Sheryl, ambaye humwita Kwara, yaani babu kwa Kijaluo, na hadi leo hatoki nje ya lango kabla shati lake halijapigwa pasi.

Dirisha lile la tiketi ndilo lililomwambukiza mapenzi ya sarafu. Siku moja abiria alimwachia senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizolizunguka tundu hilo, ambayo Wajaluo huiita otonglo. Wakati huo haikununua tena kitu. Gordon aliipeleka nyumbani, na baada ya mwezi akawa na tano. Ndipo alipoamua kukusanya otonglo moja ya kila mwaka zilipotengenezwa, tangu ya kwanza ya 1921 hadi ya mwisho ya 1964. Alichukua ubao wa mvule uliosalia katika karakana ya baba yake, akaupigilia misumari midogo ishirini na minne, kwa kuwa si kila mwaka zilitengenezwa, na chini ya kila msumari akaandika mwaka wake kwa wino. Kila sarafu aliyoipata aliitundika kwa tundu lake.

Mkewe Adongo hakumkataza. Alimwekea kikomo. "Kusanya, Gordon," alimwambia. "Lakini sarafu moja isizidi bei ya kilo moja ya sukari. Ikizidi hapo, utakuwa unainywa chai ya watoto." Gordon aliapa. Sukari ilipokuwa shilingi sita, kikomo kilikuwa sita. Ilipofika mia, kikawa mia. Aliwaacha wachuuzi wengi wakimwita nyuma yake kwa sababu ya shilingi mbili tu. Hivyo ndivyo alivyoijaza misumari ishirini na mitatu kwa miaka arobaini, hata ule wa sarafu ya mfalme wa Uingereza aliyekalia kiti chini ya mwaka mmoja. Ulibaki mmoja mtupu, nao ulikuwa wa kwanza kabisa, wa 1921. Adongo alipokuwa akifa, miaka sita iliyopita, aliutazama ubao ule ukutani akasema, "Umalize. Lakini sukari, Gordon."

*

Badru alikuwa na kibanda nyuma ya soko, kilichojaa redio za betri, taa za chemni na kufuli zisizo na funguo. Jumatano hiyo alimpigia Mzee Gordon simu akamwambia aje na mtu mwenye macho mazuri. Macho ya Mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Miaka iliyoandikwa kwenye sarafu aliisoma kwa ukucha zaidi kuliko kwa jicho. Alimchukua Sheryl, aliyekuwa amerudi kutoka shuleni.

"Karibu, Mzee Gordon. Leo usiniulize bei kabla hujakaa."

"Nikikaa utaipandisha."

"Hii, hata ukisimama kwa mguu mmoja haishuki." Badru alifungua kitambaa cheusi. "Binti, msomee babu yako."

Sheryl aliiinamia. "Moja, tisa, mbili..." Akamgeukia babu yake. "Moja! Kwara, ni yenyewe! Wacha! Ni yenyewe!"

Mzee alimfinya kiwiko. Alikuwa amemfundisha mara mia kwamba mnunuzi hafurahi mbele ya muuzaji. Lakini yeye mwenyewe aliipokea kwa mikono miwili akapitisha ukucha juu ya tarakimu.

"Bei?"

"Elfu sita."

"Shilingi?"

"Kwani nimesema kokoto?"

"Badru, tumejuana miaka ishirini. Kilo ya sukari leo ni mia na sitini."

"Najua, mzee wangu. Nakuheshimu wewe na sukari yako. Lakini hii ni ya mwaka wa kwanza, na ni safi. Kuna mtu wa Nairobi anakuja Jumamosi. Nimemtumia picha, akasema elfu sita bila hata kukohoa."

"Huko Nairobi sukari ni bei gani?" Sheryl aliuliza.

Badru alicheka mpaka akashika meza. Mzee hakucheka. Aliirudisha sarafu juu ya kitambaa, akaiweka sawasawa katikati kama anayemlaza mtoto, akaaga. Walipofika kwenye geti, Sheryl alimvuta mkono.

"Kwara, sisi tukichanga? Mimi niko na mia tatu."

"Hapana. Hata ikiwa pesa ni halali, kikomo ni kikomo. Nilimwapia nyanya yako."

Alisema hivyo siku ya Jumatano, na Jumatano aliamini.

*

Chini ya ubao ule palikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe shilingi elfu thelathini na tatu. Zilikuwa za paa la Elsie, mjane wa kaka yake, ambaye bado aliishi katika nyumba ya Odongo kule Usenge. Mabati ya 1953 yalikuwa yamechoka hatimaye. Mvua za masika zilipoanza, Elsie alikuwa akikihamisha kitanda chake kutoka pembe moja hadi nyingine, na mwaka huu alikuwa ameishiwa na pembe. Ukoo ulichanga. Ilipoulizwa nani ashike fedha, hakuna aliyefikiri mara mbili: zikae kwa Mzee Gordon. Naye, kwa kuwa hakuwa na imani na pesa za simu, alizitaka noti mkononi.

Alhamisi, Jentrix akiwa kwenye genge lake la mboga na Frankline kazini, Mzee aliufungua mkebe. Pensheni ingeingia mwisho wa mwezi, alijiambia. Mabati hayangenunuliwa kabla ya hapo. Angerudisha, na noti hazina majina. Alihesabu elfu sita, akazikunja, akavaa kofia yake, akaenda kwa Badru.

Badru alizipokea noti moja moja na kumtazama usoni. Alifungua kinywa kama mwenye neno, kisha akakifumba na kuifunga sarafu kwenye karatasi.

Saa kumi jioni msumari wa kwanza ulikuwa na otonglo yake. Mzee alikaa mbele ya ubao akisubiri furaha aliyoitamani kwa miaka arobaini. Jentrix alimletea chai. Aliionja, akauliza kama wamesahau sukari.

"Nimetia vijiko viwili, Baba, kama siku zote."

Frankline aliingia huku akifuta jasho. "Baba, mambo yamebadilika. Fundi Wepukhulu amepata nafasi wiki hii. Halafu pale Mamboleo wanasema mabati yanapanda bei Jumatatu. Kesho asubuhi twende tununue, Jumamosi tuezeke. Mama Elsie amelala na sufuria juu ya blanketi, sasa tunangoja nini?"

"Kesho?"

"Kesho. Au kuna shida?"

Palikuwa na nafasi ya kusema. Mzee aliiona nafasi hiyo kama abiria anavyouona mlango wa behewa ukiwa bado wazi. Alikoroga chai yake.

"Hakuna shida," alisema.

*

Duka la vifaa vya ujenzi pale Mamboleo lilikuwa na watu wengi asubuhi ile. Wepukhulu, fundi mwenye mabega mapana na penseli nyuma ya sikio, alikuwa amekwisha kuchagua mabati na kuyagonga kwa kidole kama anayechagua matikiti. Mwenye duka alilowesha kidole, akazihesabu noti. Akazihesabu tena.

"Mzee, hii ni ishirini na saba. Mlisema thelathini na tatu."

"Hesabu vizuri," alisema Frankline.

"Nimehesabu mara mbili, kaka. Unataka niziimbie?"

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Frankline alizichukua, akahesabu mwenyewe, na uso wake ukabadilika. Hakumtazama baba yake. Wazo hilo halikuweza hata kumpitia. Alimgeukia mkewe, aliyekuwa amekuja nao.

"Jentrix. Chumba cha Mzee ni wewe unafagia."

"Ati nini?"

"Nauliza tu."

"Unauliza tu?" Sauti ya Jentrix ilikuwa ya chini, na kila mtu aliisikia. "Frankline, miaka kumi na minane niko kwenu. Unaniuliza hapa? Mbele ya watu wa misumari?"

Mwenye duka alijifanya kuandika. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua rangi aliguna. Mzee Gordon alisimama kando ya rundo la saruji akiwatazama. Katika miaka yake ya reli aliwaona makarani ambao fedha zilipopungua, waliutupa upungufu ule kwa mfagiaji. Alikuwa amewadharau watu hao maisha yake yote. Alivua kofia.

"Mwache mkeo," alisema. "Ni mimi niliyechukua."

Frankline hakuelewa. Wepukhulu, ambaye alikuwa mtu wa huruma, alimsogelea mzee akamshika bega. "Labda umeziweka mahali ukasahau, mzee. Umri huu, ni kawaida. Hata baba yangu husahau viatu."

Mlango ulikuwa wazi tena, na safari hii ulifunguliwa kwa heshima. Angeweza kupita ndani yake na kila mtu angemhurumia.

"Sijasahau, fundi," alisema Mzee Gordon. "Nilizichukua jana nikanunua sarafu. Tena jana hiyo hiyo mwanangu aliniuliza kama kuna shida, nikamdanganya." Akamgeukia Jentrix. "Mama, nisamehe. Ulitupiwa mzigo wangu, nami nikakuacha uusimamie."

Jentrix alimtazama mkwewe, kichwa wazi, kofia mkononi kama mwanafunzi aliyefikishwa ofisini. Hasira yake haikwisha, lakini alivuta kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na mizani.

"Keti, Baba," alisema. "Ungesema tu jana, kwenye chai." Kisha kwa mumewe: "Wewe tutaongea nyumbani."

"Nilikuwa nauliza tu," alisema Frankline.

"Utauliza vizuri nyumbani."

*

Badru hakushangaa kumwona. Alikuwa na bahasha mkononi hata kabla Mzee hajafungua kinywa.

"Pesa zako hizi. Sijazigusa."

"Ulijua kwamba nitarudi?"

"Mzee Gordon, miaka ishirini hujawahi kunilipa zaidi ya kilo ya sukari. Jana nilipokuona ukinihesabia elfu sita, nikasema moyoni: hizi si pesa zake."

"Na hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Mzee alifikiri. "Nisingekusikia," alikiri. Alitoa mfukoni sarafu aliyokuwa amepitia nyumbani kuiondoa ubaoni, akaifungua karatasi, akaiweka juu ya kitambaa cheusi. "Mwambie mtu wako wa Nairobi aitunze."

"Nitamwambia. Na mlango huu uko wazi, kwa bei yako ile ile."

Kabla ya saa sita Frankline alilipia mabati yaliyosalia. Ubaoni, msumari wa kwanza ulikuwa mtupu tena.

*

Jumamosi walifika Usenge mapema, wakati kina mama walikuwa wakianza kuanika omena juu ya nyavu. Kabla mtu yeyote hajaegemeza ngazi ukutani, Mzee Gordon alimwomba Elsie waketi, akamwambia yote. Hakupunguza kitu. Elsie, mwanamke mkavu wa miaka themanini na mmoja, alimsikiliza huku akichambua kunde.

"Umemaliza, Bwana Reli?"

"Nimemaliza."

"Miaka arobaini umekuwa ukituhukumu humu kama jaji. Mtoto akichelewa, kesi. Mtu akikosa mchango, kesi. Sasa umekalia benchi ya mshtakiwa. Ni ngumu?"

"Ni ngumu sana."

"Vizuri. Itakufaa mgongo." Alitupa ganda la kunde. "Na mimi nimekusamehe, kwa sababu umekuja mwenyewe, na mabati yangu nayaona pale yote. Haya, fundi apande."

Wepukhulu alipanda na nyundo ya makucha. Alichomeka makucha chini ya msumari wa kwanza, akavuta, akasimama. Alikwangua lami kwa penseli yake.

"Mzee!" aliita kutoka juu. "Hii misumari ya baba yako imevaa nini?"

Alirusha kitu chini. Kiliangukia miguuni mwa Sheryl: kidonge cha lami kikavu, msumari uliokula kutu umepita katikati. Sheryl alikipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Weusi ulitoka polepole, na chini yake ikachomoza ncha moja ya pembe ya ndovu, kisha ya pili.

"Kwara," alisema Sheryl. "Ni otonglo."

"Na huu nao!" aliita Wepukhulu. "Na huu! Yawa, paa lote ni benki!"

Elsie aliweka kunde chini. "Sasa ndiyo naelewa," alisema taratibu. "Nilipoolewa hapa, baba mkwe aliniambia kwamba washa moja ya dukani, ile ya kukaza msumari maji yasipite, ilikuwa senti kumi na tano. Akasema yeye hawezi kulipa kumi na tano kwa kitu ambacho kumi inakitosha. Nikadhani mzee anapayuka."

Mzee Gordon alitazama juu. Kumbe baba yake naye alikuwa na kikomo. Alipoona senti kumi ni nafuu kuliko washa, alizipigilia zenyewe, kisha akazifunika kwa lami asije mtu akang'oa paa la watoto wake kwa ajili ya pipi. Nalala chini ya mali yangu. Mzee alicheka, na Frankline, ambaye hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia akicheka, alianza kucheka pia bila kujua kwa nini.

Zilikuwa zaidi ya mia mbili. Wepukhulu aling'oa na kurusha. Jentrix alizikusanya kwenye beseni la mafuta ya taa. Sheryl alipangusa na kusoma. "Ishirini na mbili. Ishirini na mbili tena. Arobaini na tatu. Hamsini na mbili. Ishirini na mbili, jamani, walichoka hawa?" Saa sita ikapita. Upande mmoja wa nyumba ulikwisha kuwa na mabati mapya yanayoumiza macho. Mzee alivuta kiti kivulini. Alikaa na mikono juu ya fimbo yake, na kila mwaka uliosomwa aliupokea kwa kutikisa kichwa.

Zilibaki kama thelathini hivi Sheryl alipoacha kusoma. Aliipangusa moja kwa mara ya pili, akaipeleka kwenye mwanga, kisha bila kupiga kelele alitembea hadi kwa babu yake akaiweka kiganjani mwake. Alikuwa amekumbuka kwamba mnunuzi hafurahi.

Mzee alipitisha ukucha. Moja. Tisa. Mbili. Ukucha ukateleza juu ya kijiti kimoja kilichonyooka. Alirudia. Msumari ulikuwa umelipanua tundu na kuacha kovu ubavuni mwa pembe moja, kovu ambalo lingemfanya mtu wa Nairobi aitupe. Alirudia mara ya tatu.

Wote walimtazama. Aliinuka, akaenda hadi mbele ya Elsie, akamnyooshea kiganja.

"Shemeji, sarafu hii imetoka kwenye nyumba yako. Ni mali yako. Nataka kuinunua. Taja bei."

"Wewe hukomi?" alisema Elsie. "Chukua, Bwana Reli. Ni ya baba yako."

"Sichukui. Wiki hii nimechukua mara moja, imetosha. Taja bei."

Macho ya Elsie yalilainika. Alimjua Adongo. Walikuwa wameteka maji pamoja.

"Kilo moja ya sukari," alisema. "Tena uende mwenyewe. Usimtume mtoto."

Mzee Gordon alivaa kofia yake, akakaza kifungo cha shati, akatembea hadi duka lililo karibu na ufuo. Alirudi baada ya robo saa na mfuko wa sukari kifuani.

"Huku kwenu ni mia na sabini," alilalamika.

"Basi kikomo kimepanda," alisema Elsie. "Jentrix, bandika chai."

Wepukhulu alipopigilia bati la mwisho waliinywa ndani, wakiwa wamekaa kila pembe ya chumba, kwa kuwa sasa hakukuwa na pembe ya kukimbia. Ilipofika alasiri mvua ilitoka ziwani, ikapiga mabati mapya kwa kishindo, na Elsie aliinua uso akangoja tone. Hakuna lililoshuka. Alishika kikombe kwa mikono miwili akaomba aongezewe sukari.

*

Ubao ule sasa umejaa. Wageni wanaokuja Manyatta huonyeshwa sarafu ishirini na tatu nzuri na moja yenye kovu, na Mzee huanza kuwaeleza kwa hiyo yenye kovu. Hawafichii pia habari ya Mamboleo, wala kofia aliyoivua pale.

Nanyi vijana, wekeni simu zenu chini na mnisikilize. Jiwekeeni kikomo mapema, mkiwa bado na akili timamu, na mkiapie mbele ya mtu mnayempenda, kwa maana siku ya tamaa hamtaweza kukitunga. Mkikivunja, semeni nyinyi wenyewe, kwa sauti, kabla mwenzenu hajaulizwa kwa niaba yenu. Wala msipite kila siku chini ya paa walilowaezekea wazee wenu bila kuinua macho na kuuliza limeshikwa na nini. Sikieni, na mfanye hivyo.